Kardinali Otunga na diplomasia ya sauti ya chini

Historia ya Kisumu huandikwa kwa majina ya watu wenye sauti kubwa. Yupo Jaramogi Oginga Odinga, yupo Tom Mboya, na upande wa dini yupo Henry Okullu, askofu wa Kianglikana wa Maseno Kusini tangu 1974 hadi 1994, ambaye hakuuma maneno mbele ya serikali yoyote. Maurice Michael Otunga haingii kirahisi katika safu hiyo. Alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki, na jimbo alilopewa kulitumikia lilikuwa Kisumu. Alikuwa pia kardinali wa kwanza wa Kenya. Hata hivyo wengi wanamkumbuka kama askofu mkuu wa Nairobi aliyechoma kondomu hadharani, na hawakumbuki kwamba uaskofu wake ulianzia ziwani.

Swali ninalotaka kulichambua linahusu malezi ya kazi. Kabla ya kuwa askofu, Otunga alikuwa mwambata katika ofisi ya mjumbe wa Papa mjini Mombasa. Kwa maneno mengine, alipita kwenye diplomasia ya Kanisa kabla hajakabidhiwa kondoo. Askofu aliyepikwa hivyo hutawala vipi? Maoni yangu ni kwamba upole uliomtambulisha Otunga ulikuwa mbinu ya kazi kuliko udhaifu wa moyo. Mbinu hiyo ilimfaa sana alipokuwa akishughulika na waliokuwa juu yake, yaani Roma, serikali ya kikoloni na baadaye Ikulu. Ilimwangusha aliposhughulika na waumini wa kando ya ziwa, na anguko hilo ndilo sehemu ya maisha yake inayosimuliwa kwa uchache zaidi.

Tuanze na ziwa lenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwishoni mwa 1901. Wakati huo eneo hili lilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, na halikuhamishiwa upande wa Kenya hadi 1902. Serikali ilisogeza mpaka, Kanisa halikusogea. Wamisionari wa Mill Hill waliofungua misheni ya Ojola mwaka 1903 walitoka upande wa Uganda, chini ya Askofu Henry Hanlon na vikarieti yake ya Nile ya Juu. Kwa zaidi ya miaka 20 Mkatoliki wa Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa, alikuwa raia wa koloni moja na muumini wa jimbo lenye makao katika koloni jingine. Ni mwaka 1925 tu Prefektura ya Kitume ya Kavirondo ilipokatwa na kukabidhiwa Gorgonius Brandsma, Mholanzi. Ikawa vikarieti mwaka 1932, na baadaye Nicholas Stam akamrithi Brandsma. Baada ya vita akaja Frederick Hall, aliyeshuhudia Kisumu ikipandishwa kuwa jimbo kamili mwaka 1953.

Hali hiyo ilizaa kitu ambacho Nairobi hawakukijua vizuri. Nairobi ilikuwa mikononi mwa mapadre wa Roho Mtakatifu, Nyeri mikononi mwa Waitaliano wa Consolata, na Kisumu mikononi mwa Waholanzi na Waingereza wa Mill Hill. Kila shirika lilikuwa na shule zake, lafudhi yake na namna yake ya kuzungumza na mkuu wa wilaya. Nchi ilikuwa moja, ila Kanisa lilikuwa vipande, na mtu wa kuviunganisha vipande hivyo alihitaji kuwa mwanadiplomasia hata kama hakuna aliyempa cheo hicho.

Ukizunguka Ziwa Victoria utagundua jambo la kushangaza. Joseph Kiwanuka wa Masaka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939, Laurean Rugambwa wa upande wa Bukoba, mwaka 1952, na Otunga wa Kisumu, mwaka 1957, kila mmoja alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki katika nchi yake, na wote watatu walianzia majimbo yanayogusa ziwa hili. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Misheni za ziwani zilikuwa za zamani kuliko nyingi za bara, seminari zilianza mapema, na mapadre wazalendo wakakomaa mapema.

Otunga alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Bungoma. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mkubwa wa Wabukusu mwenye wake wengi, na mama yake alikuwa mmoja wa hao. Alibatizwa mwaka 1935. Simulizi za ukoo na za Kanisa zinakubaliana kwamba mzee alimtaka amrithi uchifu, naye akachagua altare. Akapitia Mang'u, akapitia seminari ya Kakamega, akavuka kwenda kusoma Uganda, kisha akapelekwa Roma kwenye chuo cha Urbaniana. Huko ndiko alikopewa upadre tarehe 3 Oktoba 1950. Aliporudi alifundisha seminarini, na kutoka hapo akaitwa pwani.

Mombasa ya miaka hiyo inahitaji maelezo. Mjumbe wa Kitume hakuwa balozi. Balozi wa Papa hutumwa kwa serikali yenye mamlaka yake, na Kenya ilikuwa mali ya Uingereza, kwa hiyo hapakuwa na serikali ya kupokea hati zake. Mjumbe wa Kitume alitumwa kwa makanisa. Hakuwa na kinga ya kibalozi wala kiti kwenye karamu ya gavana kwa haki. Silaha zake zilikuwa barua, ziara na uwezo wa kupeleka majina Roma. Ofisi ilianzishwa mwaka 1930 chini ya Arthur Hinsley, Mwingereza aliyekuwa amezunguka makoloni ya Afrika tangu 1927 akiwa mkaguzi wa Papa. Hinsley ndiye aliyewaambia wamisionari kwamba ikibidi kuchagua kati ya kanisa na shule, wajenge shule kwanza, kwa sababu serikali ilikuwa tayari kutoa ruzuku na wasipoichukua wao wangeichukua wengine. Maradhi yalimtoa Afrika mwaka 1934, na miaka michache baadaye akawa Kardinali wa Westminster. Shule kama St Mary's Yala, alikosoma Mboya, ni tunda la sera hiyo. Wanasiasa waliokuja kuitikisa serikali ya mkoloni walisomeshwa kwa makubaliano kati ya serikali hiyo na mjumbe wa Papa.

Mwaka 1953, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, ofisi hiyo ilikabidhiwa James Robert Knox, Mwaustralia. Ndipo Otunga alipoletwa kuwa mwambata. Kazi ya mwambata haina fahari. Anapanga faili, anaandika barua, anasoma ripoti za majimbo, anapokea wageni. Lakini ofisi ya aina hiyo ndiyo inayotafuta habari za mapadre wanaofaa kuwa maaskofu: majirani wanasemaje, wakubwa wake wanasemaje, je, ni mtiifu, je, anaweza kutunza siri. Majina matatu huandaliwa, yakatumwa Roma, na yule asiyechaguliwa huenda asijue kamwe kwamba jina lake lilikuwa mezani. Padre kijana akiiona mashine hiyo kutoka ndani hujifunza kwamba mambo makubwa huamuliwa kwa karatasi na kwamba aliyetumwa husema maneno ya aliyemtuma. Nadhani Otunga hakulisahau somo hilo maisha yake yote.

Uteuzi wake ulitoka Novemba 1956. Wakatoliki hupenda kuusimulia kana kwamba ulishuka wenyewe kutoka mbinguni, lakini ulikuwa na majira yake. Mei 1955, katika kanisa kuu la Namirembe mjini Kampala, Waanglikana walikuwa wamewaweka wakfu Festo Olang' na Obadiah Kariuki kuwa maaskofu wasaidizi, na Olang' alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya mwenye mizizi Maseno, karibu kabisa na Kisumu. Roma isingeweza kubaki nyuma katika eneo ambalo watu wa misheni hizo mbili walikutana kila siku ya soko na kulinganisha. Otunga aliwekwa wakfu tarehe 25 Februari 1957. Wiki mbili baadaye Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, na Odinga akashinda Nyanza ya Kati. Kwa kipindi hicho kifupi mkoa ukapata askofu wake na mbunge wake.

Hapa lakini tusifurahi kupita kiasi. Otunga alikuwa askofu msaidizi wa Hall, na jimbo halikuwa lake. Mwaka 1960 Kisii ilipokatwa kutoka Kisumu alipelekwa huko kuwa askofu wa kwanza. Hall alipoondoka, Kisumu ilikabidhiwa Mholanzi mwingine wa Mill Hill, Jean de Reeper, mwaka 1964, Kenya ikiwa tayari huru. De Reeper alikaa hadi 1976 ndipo Philip Sulumeti akachukua. Hesabu ni nyepesi: Kisumu ilipata askofu Mwafrika miaka sita kabla ya bendera ya uhuru, na ikapata Mwafrika wa kuiongoza miaka 13 baada ya bendera. Uteuzi wa 1957 ulikuwa hatua ya kweli, na pia ulikuwa ishara ya kidiplomasia iliyotolewa ili utaratibu wenyewe uendelee bila haraka.

Jimbo la Kisii lilikuwa na sura mbili. Juu milimani Wagusii na misheni yao ya Nyabururu, chini kando ya ziwa Waluo wa Nyanza Kusini, kutoka Homa Bay hadi Migori na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Askofu mwenyewe alikuwa Mbukusu. Kumpeleka askofu mahali asiko kwao ni desturi ya zamani ya Roma, na ina faida zake: hana shamba la kugombania, hana binamu wa kumbeba. Hasara ni kwamba hasikii minong'ono.

Na minong'ono ilikuwepo. Kati ya 1962 na 1963, katikati ya jimbo lake, likazuka vuguvugu la Legio Maria. Simeo Ondeto, aliyelelewa katika Ukatoliki huo huo, alianza kukusanya watu, na Gaudencia Aoko, mama kijana aliyefiwa na watoto, akawa mhubiri aliyebatiza makundi makubwa kwa mkono wake mwenyewe. Walichukua jina la chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Kenya na Edel Quinn mwaka 1936. Walichukua rozari, kanzu, ubani, ngazi zote za mapadre na makardinali, hata Papa wao. Wakaongeza uponyaji, kutoa pepo na ndoto. Wakawafungulia mlango wenye wake wengi. Makao yao matakatifu yakawa Got Kwer, Migori. Wasomi wa dini za Afrika huitaja Legio Maria kuwa moja ya mipasuko mikubwa zaidi iliyolikumba Kanisa Katoliki barani, na ilitokea kwa askofu wa kwanza Mkenya, wala si kwa Mzungu.

Alikuwa wapi? Kwa sehemu ya kipindi hicho alikuwa Roma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba 1962, ukakutana kila vuli hadi Desemba 1965, na Otunga alikuwa mmoja wa maaskofu wa Afrika waliohudhuria. Desemba 1963 Mtaguso ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua njia kwa lugha za watu. Wakati Roma inaruhusu Misa ya Kidholuo, Waluo waliotoka kwenye jimbo la Otunga walikuwa wanaondoka na Kilatini chao, na Legio bado wanakitumia katika sala zao. Mtu akiniambia kwamba tatizo la Kanisa la Nyanza lilikuwa ugeni wa ibada, namwonyesha hapo. Kilatini hakikuwakera. Walichotaka ni kuponywa, kusikilizwa, na mama mwenye mke mwenza kutoambiwa kwamba sakramenti hazimhusu.

Hili la ndoa ndilo zito kuliko yote. Otunga mwenyewe alitoka katika boma la wake wengi. Alijua kuliko padre yeyote wa Kiholanzi kwamba nyumba ya namna hiyo ina heshima na sheria zake, na kwamba kumwambia mzee awaache wake zake ili abatizwe ni kuwafukuza wanawake na watoto waliokuwa na haki yao. Hata hivyo alishikilia sheria ya Kanisa bila kuipinda. Wapo wanaoliona hilo kuwa utakatifu, kwani alikuwa ameukataa urithi wa baba yake na hakuwa na sababu ya kuurudisha kwa mlango wa nyuma. Mimi naliona kuwa tabia ya mjumbe mwaminifu: hana mamlaka ya kubadili ujumbe, hata anapojua utamuumiza nani. Padre wa pwani ya ziwa angeweza kukaa chini ya mti na Ondeto siku tatu na kutoka na maelewano ya ajabu ajabu ambayo Roma ingeyakataa baadaye. Otunga hakuwa mtu wa maelewano ya ajabu ajabu.

Mwaka 1969 ulibadilisha kila kitu. Mboya, Mkatoliki aliyepitia Mang'u kama Otunga mwenyewe, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai na kuzikwa Rusinga, kisiwa cha jimbo la Kisii. Tarehe 25 Oktoba Rais Jomo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, akarushiana maneno makali na Odinga hadharani, na walinzi wakaufyatulia risasi umati. Watu wakafa, watoto wakiwemo. Chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku. Wiki chache baadaye, Novemba, Otunga akateuliwa kuwa askofu mwandamizi wa Nairobi, mwenye haki ya kumrithi Askofu Mkuu John Joseph McCarthy. Sina ushahidi kwamba uteuzi huo ulitokana na matukio ya Kisumu, na taratibu za Roma huchukua muda mrefu kuliko hivyo. Lakini tazama alivyoonekana machoni pa pande zote: mtu wa magharibi ambaye si Mjaluo, aliyeishi na Waluo lakini hakuwa wa Odinga, asiye Mkikuyu na asiyemtisha Mkikuyu. Nchi ilipokuwa imepasuka, mtu asiye na upande alikuwa na thamani kubwa.

Kufikia hapo Kenya na Vatikano zilikuwa na uhusiano kamili wa kibalozi, tangu 1965. Otunga akawa Askofu Mkuu mwaka 1971. Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo VI alimvika ukardinali, na miongoni mwa waliopewa kofia siku ile ile alikuwepo James Robert Knox, mkubwa wake wa Mombasa. Alikuwepo pia Albino Luciani wa Venezia, ambaye miaka mitano baadaye Otunga na makardinali wenzake wangemchagua kuwa Papa Yohane Paulo I.

Miaka ya urais wa Moi ndiyo inayowagawa waandishi. Okullu alisimama Kisumu akaupinga upigaji kura wa mlolongo na kudai mihula ya rais iwekewe kikomo. Alexander Muge wa Eldoret alisema hadi mauti yake barabarani Agosti 1990. Upande wa Wakatoliki, Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru ndiye aliyesimama na waliofukuzwa mashambani. Kardinali alikuwa kimya, au alikuwa akizungumza mahali ambapo hatukusikia. Kuanzia 1981 alikuwa pia askofu wa wanajeshi. Mwaka 1985 alikuwa mwenyeji wa Kongamano la Ekaristi la kimataifa mjini Nairobi, na Papa Yohane Paulo II akaja. Kongamano la ukubwa huo halifanyiki bila Ikulu kukubali. Wakosoaji husema hiyo ndiyo bei ya ukimya. Watetezi hujibu kwamba barua kali za maaskofu za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitiwa sahihi naye pia, na kwamba kuwaweka maaskofu wa makabila yote kwenye ukurasa mmoja lilikuwa jambo gumu kuliko kuhubiri peke yako. Hoja hiyo ya pili ina uzito. Okullu alikuwa na mimbari. Otunga alikuwa na baraza zima la kulishika pamoja.

Sasa angalia alipopaza sauti. Mwaka 1996, katika bustani ya Uhuru Park, aliongoza uchomaji wa kondomu na vijitabu vya kinga ya ukimwi. Mkoa ulioathirika zaidi na ugonjwa huo nchini ulikuwa Nyanza, nchi ya majimbo yake ya kwanza, ambako masista wa hospitali za misheni walikuwa wakiwahudumia wagonjwa usiku na mchana. Moto ule uliwaumiza watu wengi na sioni namna ya kuupamba. Ila haupingani na tabia yake kama wengi wanavyodhani. Kuhusu vyama vingi, Roma haikuwa imemwambia aseme nini hasa. Kuhusu kondomu, ilikuwa imemwambia waziwazi. Mjumbe hupaza sauti pale barua ya aliyemtuma haina utata.

Alistaafu 1997 na kuhamia Nyumba ya Wazee ya masista jijini Nairobi, kati ya maskini waliozeeka, akakaa huko hadi alipofariki tarehe 6 Septemba 2003. Hapo hata mahasimu wake huvua kofia.

Kisumu yenyewe ilipandishwa kuwa Jimbo Kuu Mei 1990 chini ya Zacchaeus Okoth, aliyeliongoza jimbo tangu 1978 hadi 2018 na ambaye hakuona haya kuzungumzia katiba na haki. Baada yake akaja Philip Anyolo kutoka Homa Bay, jimbo lililokatwa kutoka Kisii na lenye pwani ile ile iliyozaa Legio. Mwaka 2021 Anyolo akahamishiwa Nairobi, njia ya Otunga kabisa, na Novemba 2024 akakataa hadharani pesa ambazo rais alitoa katika parokia moja ya jiji. Siku hizo hizo Baraza la Maaskofu, likiongozwa na Maurice Muhatia Makumba wa Kisumu, lilikuwa limeishutumu serikali kwa kuwadanganya wananchi. Namna hiyo ya kurudisha pesa mbele ya kamera Otunga asingeifanya. Angeandika barua.

Leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri unaendelea. Mchakato huo hukusanya ushuhuda wa waliomfahamu na kupima kila uamuzi wake, ule wa kupendeza na ule wa kutatanisha. Ushuhuda wa Nairobi utakuwa mwingi, wa masista, mapadre na mabalozi. Wa Nyanza Kusini ya 1963 unazidi kupungua kila mwaka, na wengi wa wanaokumbuka vizuri yaliyotokea kule wanasali Got Kwer, nje ya Kanisa linalohoji mashahidi.